Kuchagua bashi la hema litakalohimili mvua ya Goma

Muuzaji wa bashi, yaani turubai, pale Birere, mtaa wa biashara wa Goma, atakuonyesha rangi kwanza. Wewe uliza uzito. Bashi la PVC (kitambaa kilichopakwa plastiki) la hema la arusi au la kilio, linalosimamishwa na kushushwa kila wiki, liwe na gramu 600 hadi 700 kwa mita ya mraba. Jepesi zaidi huchanika kwenye mikunjo. La gramu 900 ni la lori, mbebaji atakulaani. Omba kipande cha sentimita 10 kwa 10, ukipime kwenye mizani ya wanunuzi wa dhahabu: gramu 6.5 maana yake bashi lina gramu 650. Lililokwisha kukatwa lipime zima. La mita 4 kwa 5 la uzito huo hufika kilo 13. Likileta kilo 9, umedanganywa.

Lakini uzito nao unaweza kudanganya, kwa sababu plastiki huongezwa chokaa ili iwe nzito kwa bei ndogo. Kunja kona, ibane kwa kidole gumba, isugue mara ishirini. Ikitoa mstari mweupe au unga, liache. Chokaa huliwa na asidi, na mvua ya hapa inayo: gesi ya salfa itokayo volkano ya Nyiragongo huchanganyika na maji angani, ndiyo maana mabati yetu hutoboka mapema.

Inua ukingo kwa ncha ya kisu. Ngozi ya plastiki ikibanduka kirahisi kutoka kwenye kitambaa cha ndani, maji yatapita katikati. Kitambaa chenyewe kiwe cha poliesta. Nailoni na pamba hudhoofishwa na asidi. Pamba ina uzuri wake, inapumua, na nyuzi zake zikilowa huvimba na kuziba matundu. Ila ukiikunja mbichi siku chache tu, inashika ukungu na kuoza, na kati ya Septemba na Desemba utaikausha wapi? Ukiitaka lazima, tafuta mchanganyiko wa poliesta na pamba, uumwagie maji na kuukausha mara mbili kabla ya kuutumia, la sivyo utavuja kwenye mishono.

Hema nyingi hufia kwenye pete za kupitishia kamba. Njoo na sumaku. Pete ya rangi ya shaba inayonata kwenye sumaku ni chuma kilichopakwa; kitashika kutu, na kutu itakula kitambaa kinachoizunguka. Pete ziachane sentimita 50, ndani ya pindo lililokunjwa mara mbili. Viungo vilivyochomwa kwa joto vipandane sentimita 3 au 4. Vuta kwa mikono miwili, kitambaa kichanike kabla ya kiungo kuachia.

Shitingi ya misaada, lile turubai jepesi la mita 4 kwa 5 au 4 kwa 6, ina takriban gramu 200 kwa mita ya mraba. Inafaa kufunika kibanda, si hema la kukunjwa kila mara.

Kwenye mitaa iliyojengwa juu ya mawe ya volkano ya 2002 vigingi vya hema haviingii ardhini. Funga kamba kwenye mifuko ya changarawe, na mifuko isiguse bashi. Sakafu iwe kipande tofauti, kikitanguliwa na mchanga au zulia kuukuu, kwa kuwa jiwe hilo hukata kama kioo.

Usiku wa baridi utaona matone ndani ukadhani linavuja. Ni pumzi za watu zilizogeuka maji kwenye plastiki baridi. Acha mwanya wa sentimita 20 juu, pande zote mbili.

Majivu ya volkano yakianguka juu ya bashi, yamwagie maji ya ziwa kwanza, usiyasugue makavu. Halafu likaushe bashi na kulizungushia kwenye kipande cha bomba badala ya kulikunja, hata kama chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, itahitaji nafasi zaidi: mkunjo wa sehemu ile ile kila safari ndiko tundu la kwanza huanzia.