Namna ya Kuandaa Kiunzi cha Sintetiki Kinachoelekeza Seli Shina Kuwa Mfupa

Anza na ugumu wa kiunzi, yaani umbo la kushikilia seli zinapokua, kwa sababu seli shina za uboho, ambazo zinaweza kugeuka kuwa seli za aina mbalimbali, huuvuta uso zinaoukalia na kuhisi jinsi unavyokinza mvuto huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kwenye jeli ya poliakrilamidi yenye ugumu usiozidi kilopaskali 1 seli hizo huelekea kufanana na seli za neva, kwenye kilopaskali 8 hadi 17 hufanana na za misuli, na kwenye 25 hadi 40 huelekea kuwa za mfupa. Mvuto huo hupitia nyuzi za ndani ya seli hadi kwenye kiini, na jeni ya RUNX2, inayoongoza uundaji wa mfupa, huanza kufanya kazi.

Hata hivyo, polima nyingi za sintetiki, yaani plastiki na jeli zinazotengenezwa kiwandani, hazina mahali pa seli kushika. Unganisha juu yake kipande cha RGD, yaani mfuatano wa asidi amino tatu: arginini, glisini na asidi aspatiki. Hatua hii usiipuuze kamwe, kwani seli isiyoshika haiwezi kuvuta, na isiyovuta haitambui ugumu wowote.

Kwa pengo la mfupa, jeli pekee haitoshi kubeba uzito. Polikaprolaktoni, aina ya plastiki, hufaa, kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi joto 60 hivi za selisiasi na hivyo huchapika kwa urahisi kwa printa ya 3D. Acha vitundu vinavyopitana, vyenye upana wa mikromita 300 au zaidi, ili mishipa ya damu ipenye. Changanya plastiki hiyo na haidroksiapatiti, madini yanayokaribiana sana na yale ya mfupa wenyewe.

Sasa upimaji, ambapo ndipo matokeo mengi huharibika. Kioevu chenye deksamethasoni, vitamini C na beta-gliserofosfeti huzisukuma seli kuwa mfupa hata kwenye plastiki ya kawaida. Kwa hiyo usipokuwa na kundi lililokuzwa bila dawa hizo, hutajua kama kilichoziongoza ni kiunzi au ni dawa. Pima kimeng'enya cha fosfatasi alkali, dalili ya mapema ya seli kuelekea mfupa, katika wiki mbili za mwanzo, kisha madini kwa rangi ya alizarini, inayoshika kalsiamu, kuanzia wiki ya tatu. Kiunzi chenye haidroksiapatiti hushika rangi hiyo hata kisipokuwa na seli, hivyo weka kingine kitupu katika kioevu hichohicho, kwa muda uleule, uondoe kiasi chake kwenye matokeo, na upime pia utendaji wa jeni ya osteokalsini, protini inayotengenezwa na seli za mfupa, ambao madini ya kiunzi hayawezi kuughushi.