Oili ya injini kwa gari lililotumika kutoka Japani

Mafundi wengi huwashauri wenye magari kama Toyota IST au Probox yenye injini ya 1NZ-FE watumie oili nzito ya 20W-50, kwa hoja kwamba nchi zetu ni za joto na injini imekwisha kuchoka. Ushauri huo usipokelewe haraka, kwa sababu injini hiyo ina mfumo wa VVT-i, yaani unaorekebisha wakati wa valvu kufunguka na kufungwa, unaoendeshwa kwa shinikizo la oili kupitia vijia vyembamba, na oili nzito huchelewa kufika juu pale gari linapowashwa asubuhi likiwa limepoa. Kitabu cha gari ndicho kitangulizwe, na kwa injini hii 5W-30, iliyo nyepesi zaidi, inafaa. Oili nzito kiasi, kama 10W-40, ifikiriwe tu iwapo injini inakula oili kwa kiasi kinachoonekana.

Ikiwa hujui gari lilibadilishwa oili lini, na kwa kawaida muuzaji naye hajui, mwaga yote mara tu unapolipokea, ubadilishe na filta, kisha urudie kila kilomita 5,000 au miezi sita. Injini iwe na uvuguvugu ili uchafu utoke pamoja na oili, na washa (pete ya kuzuia mvujo) ya nati ya kumwagia iwe mpya. Injini hiyo huchukua takriban lita 3.7 pamoja na filta. Kwa hiyo fundi anayemimina galoni nzima ya lita 4 bila kuchomoa kijiti cha kupimia anaijaza kupita kiasi.