Canon EOS 1100D au PowerShot G7 X Mark II? Zipime hivi kabla hujauza ya zamani

Mdogo wangu anapiga picha za send-off na kipaimara hapa Dar es Salaam. Kazi zote hizo amezifanya kwa Canon EOS 1100D na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi. Juzi shemeji alimletea PowerShot G7 X Mark II, kamera inayoingia mfukoni, na swali likaja palepale: "Kaka, hii kubwa niiuze?"

Tulikaa tukazipima. Utaratibu tulioufuata ni huu, na unafaa hata kama ulicho nacho ni Nikon D3100 na Sony RX100 III. Zinabadilika namba tu. Msimamo wangu nausema mapema: kamera inapimwa ikiwa na lenzi yake, kwenye aina ya picha inayokulipa. Kupima kamera tupu kwa kusoma karatasi ya sifa zake ni kupoteza muda.

Hatua ya 1: Jua unapima nini

1100D ilitoka mwaka 2011. Ina megapikseli 12 na sensa (kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga) ya saizi inayoitwa APS-C, milimita 22 kwa 14.7. G7 X Mark II ni ya 2016, megapikseli 20, na sensa yake ni milimita 13.2 kwa 8.8. Kwa eneo, sensa ya 1100D ni kubwa karibu mara 2.8. Wengi wakishaona namba hiyo wanafunga mjadala: kubwa imeshinda. Usiufunge bado.

Hatua ya 2: Andaa mahali

Chumba chenye mwanga hafifu kama wa ukumbini usiku. Stendi imara. Tundika kanga ukutani, na mbele yake kaa mtu mwenye subira, avae kitu cheusi. Kanga ni kipimo kizuri kuliko karatasi za kupimia lenzi zinazouzwa mtandaoni: ina mistari myembamba, rangi zilizokolea zilizogusana, na maandishi ambayo jicho linajua yanavyotakiwa kuonekana. Uso nao utakuonyesha kitu ambacho kanga haiwezi kuonyesha, yaani jinsi kamera inavyotunza ngozi nyeusi upande wa kivuli, chini ya shavu na pembeni mwa shingo. Chembechembe, vile vidoa vya picha ya mwanga hafifu, huanzia hapo, na mteja ataziona hapo.

Piga raw, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipamba, kwenye kamera zote mbili.

Hatua ya 3: Sawazisha picha, siyo ISO

Hatua hii ilitula mchana mzima, na ndiyo inayoharibu vipimo vingi unavyokutana navyo. Watu huweka ISO 3200 (ISO ni kiasi ambacho kamera inakuza mwanga iliyoupata) kwenye kamera zote mbili, wanapiga, wanalinganisha. Matokeo yake hayakuambii chochote kuhusu kazi yako, kwa sababu ukumbini kamera hizi mbili hazitatumia ISO moja. Lenzi zao hazipitishi mwanga sawa.

Fanya hivi. Weka kamera zote kwenye M, ambapo kila kitu unakipanga mwenyewe. Kasi ya shata iwe 1/100 kwa zote. Nimechagua 1/100 kwa makusudi: umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi zinapwesapwesa mara 100 kwa sekunde, na ukitumia kasi kama 1/160 picha moja itatoka na mwanga huu na inayofuata na mwingine, au utaona mikanda ya kivuli. Ukikosea hapa utailaumu sensa bure.

Sasa zumu. Vuta lenzi ya 1100D hadi 55. Kwa kuwa sensa yake inakata picha kwa 1.6, unapata upana wa picha sawa na wa lenzi ya milimita 88 kwenye kamera ya filamu ya milimita 35. Kwenye G7 X, ambayo namba zake za zumu tayari zinafuata kipimo hicho, weka isomeke 85. Picha zitakaribia kufanana. Usisogeze stendi ili kuzisawazisha zaidi, kwa sababu umbali ukibadilika, ukungu wa nyuma unabadilika pia.

Fungua kila lenzi hadi mwisho, yaani namba ya f iwe ndogo kabisa; ikiwa ndogo, mwanga unaingia zaidi. Lenzi ya boksi, ikiwa kwenye 55, haifunguki zaidi ya f/5.6. Ile ya G7 X inafunguka f/2.8. Hiyo ni tofauti ya hatua mbili kamili, yaani kila milimita ya mraba ya sensa ya G7 X inapata mwanga mara nne. Kwa hiyo kama 1100D inahitaji ISO 6400 ili uso uonekane, G7 X itatosheka na 1600. Gawanya 4 kwa ile 2.8 ya ukubwa wa sensa, unapata 1.4. Sensa ndogo imekusanya mwanga mwingi zaidi kwa jumla kuliko kubwa, na juu ya hapo ni ya kizazi kipya zaidi. Ukifungua picha utaiona tofauti hiyo kwenye kivuli cha shavu bila kuelekezwa.

Tahadhari zinazohusu hatua hii pekee:

Zima ISO ya kujipanga, zima uboreshaji wa mwanga kwenye menyu, zima kitulizaji cha mtikisiko kwa sababu uko kwenye stendi, na tumia taima ya sekunde 2 ili mkono usiitikise kamera. Fokasi ya 1100D ipige kwa kutumia skrini, siyo kwa kuchungulia kwenye kitundu. Fokasi ya kitundu inapita njia ya vioo tofauti na ile ya sensa, na ikiwa imeyumba hata kidogo utadhani lenzi haina ukali. Usiziamini namba za ISO kama mizani ya duka. Kampuni ileile inaweza kuzipanga tofauti kwenye kamera mbili. Angalia grafu ya mwanga kwenye skrini, na kama moja imetoka na giza kidogo, isahihishe kwenye kompyuta. Na piga zote ndani ya dakika chache. Umeme ukipungua nguvu katikati, balbu nyingine hubadilika mwanga na rangi. Rudia tangu mwanzo.

Hatua ya 4: Sasa badilisha lenzi

Kama una 50mm f/1.8, au unaweza kuazima, ifunge kwenye 1100D. Upana unakuwa 80, karibu sawa na mwanzo. Weka f/2 badala ya f/1.8, ili mwanga ulingane na ISO 800, kwa sababu ISO ya 1100D inaruka 400, 800, 1600 bila vituo vya kati. Kasi ileile, 1/100.

Kamera ni ileile ya 2011, na picha imegeuka kabisa. Ukitaka kujua kwa nini, gawanya urefu wa lenzi kwa namba ya f, upate upana wa tundu linaloingiza mwanga. Lenzi ya boksi: 55 gawanya kwa 5.6, karibu milimita 10. G7 X ikisoma 85, urefu halisi wa lenzi yake ni kama milimita 31: 31 gawanya kwa 2.8, karibu milimita 11. Ile 50mm ikifunguliwa hadi 1.8: karibu milimita 28. Tundu hilo ndilo linalotengeneza ukungu nyuma ya bibi harusi, na ndilo linaloamua mwanga kiasi gani unaingia kwa jumla. Namba hii naipenda kuliko megapikseli zote.

Kwa hiyo vipimo ni vitatu: 1100D na lenzi ya boksi, G7 X, na 1100D na 50mm. Anayekuonyesha viwili tu amekuficha kimoja.

Hatua ya 5: Kwenye kompyuta

Hamisha kwa kadi rida. Picha zilizopitia WhatsApp zimeshabanwa, usizipime.

Mimi natumia RawTherapee. Ni ya bure na haikupendezeshei picha kwa siri. Chagua profaili ya Neutral kwa zote. Picha ya G7 X ukiifungua hivyo kwenye zumu pana inaweza kuonekana imefura katikati. Kamera huwa inairekebisha yenyewe kwenye JPEG, ile picha ya kawaida isiyo raw. Kisha punguza picha ya G7 X kutoka pikseli 5472 kwa upana hadi 4272, ambao ndio upana wa 1100D. Ukizitazama kwa asilimia mia bila kuzisawazisha, yenye megapikseli nyingi itaonekana chafu kuliko ilivyo.

Baada ya hapo zipeleke studio zichapwe A4. Chapa ya A4 yenye ukali kamili inahitaji megapikseli zisizofika 9. Kwa 4R (inchi 4 kwa 6) ni 2 na kidogo. Mteja wa albamu hatoona tofauti ya 12 na 20.

Hatua ya 6: Mambo ambayo kipimo hakiyaoni

Jua. G7 X haina kitundu cha kuchungulia. Saa sita ufukweni Kigamboni, skrini yake utaifunika kwa mkono ili uone kitu. 1100D unaweka jichoni unapiga.

Flashi. Hapa sina mjadala: anayepiga ndani ya ukumbi kwa malipo anahitaji flashi ya juu inayogeuka, aielekeze kwenye dari au kitambaa cheupe cha mapambo, mwanga urudi chini laini. 1100D ina mahali pa kuifunga. G7 X haina.

Betri. Kwa takwimu za Canon, 1100D inapiga kama picha 700 kwa chaji moja, G7 X kama 265. Afadhali G7 X inakubali kuchajiwa kwa USB.

Video. G7 X inashinda wazi: 1080p kwa fremu 60, na skrini inageuka kumtazama anayejirekodi. 1100D inaishia 720p. Zote hazina tundu la maiki.

Hatua ya 7: Kama ile ndogo unainunua iliyotumika

Weka f/11, piga anga tupu, kuza picha, tafuta madoa. Lenzi inayotoka na kuingia huvuta vumbi, na likishafika kwenye sensa huwezi kulifuta bila fundi kuifumua kamera. Kwenye DSLR, yaani kamera ya kubadilisha lenzi kama 1100D, unatoa lenzi unasafisha. Huku pwani, mulika lenzi kwa tochi uangalie kuvu pia, hasa kama kamera imekaa kabatini muda mrefu. Ukiona nyuzinyuzi kama za utando wa buibui, rudisha, hata bei iwe nzuri namna gani.

Mdogo wangu hakuuza. Lenzi ya boksi imebaki kwa picha za kundi zima, kwa sababu hizo zinapigwa na flashi na f/5.6 inatosha. 50mm ndiyo inayokaa kwenye 1100D muda mwingi, na G7 X anaitumia kwa video za maharusi wakiingia ukumbini. Sasa anatafuta betri ya pili ya G7 X.