Kupanga kipindi cha dakika 40 ambacho wanafunzi watatoka nacho: mfano wa ngeli ya KI-VI

Mwaka 2020 Uganda ilianza mtaala mpya wa sekondari ya chini, na tangu hapo tunahimizwa mwanafunzi ndiye atende. Nakubali kabisa. Shida ni namna ya kulifanya hilo darasa likijaa. Nitaeleza ninavyofanya kidato cha kwanza, hapa Wakiso.

1. Kabla ya andalio la somo, andika sentensi moja. Yangu ilikuwa: "Kengele ikilia, kila mmoja aweze kusema kitabu changu, vitabu vyangu, bila kutazama ubao." Ukiandika tu "waelewe ngeli", utajuaje kama wameelewa? Kitu usichoweza kukisikia wala kukiona, kifute.

2. Anzia kwenye lugha yao. Kwa miaka mingi nilianza na jedwali la ngeli. Walilinakili vizuri, mistari imenyooka, halafu nje ya mlango mtu anasema "kitabu yangu". Sasa naandika ubaoni, Kiganda juu, Kiswahili chini:

ekitabo kyange – ebitabo byange
kitabu changu – vitabu vyangu

Naweka chaki chini, nauliza: "Mnaona nini?"

3. Nyamaza. Hapa ndipo vipindi vingi vinapoharibika, kwa sababu kimya kinatutisha sisi walimu. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza. Wakisubiri 3 au zaidi, majibu hurefuka na wanaojibu huongezeka. Mimi nahesabu kimoyomoyo hadi 5. Siku ile nilifika 4, binti wa dawati la nyuma akasema taratibu, "Mwalimu, eki ni ki, ebi ni vi." Darasa zima likageuka kumtazama. Kanuni ikawa yake, nami sikuwa nimeitamka.

4. Usimwache asiyejua Kiganda. Kiacholi na Kiateso si lugha za Kibantu, kwa hiyo mwenye lugha hizo hana daraja hilo. Mketishe na anayejua Kiganda: huyu aeleze, yule asiyekijua ndiye asimame kulijibu darasa. Anayeeleza analazimika kufafanua kweli, na anayejibu hawezi kujificha.

5. Wape vitu mkononi. Kijiko, kikombe, kiatu; wawili wawili, dakika 10. Pita katikati yao ukisikiliza, wala usikimbilie kusahihisha.

6. Dakika 5 za mwisho ni za karatasi. Nachana daftari kuukuu, kila ukurasa vipande 4. Kila mmoja anaandika sentensi moja yenye "vyangu". Jioni nazipanga mafungu matatu: walioshika, wanaoyumba, ambao bado. Kipindi kinachofuata nakianza na sentensi kutoka fungu la pili, bila jina, nimeiandika ubaoni kabla hawajaingia.