Kuchagua kiti cha pikipiki ya safari kwa mpanda mrefu

Mpanda mrefu huumia magoti kabla ya makalio. Kwa hiyo, kabla ya kutazama ngozi na mishono, pima umbali kutoka juu ya kiti hadi kikanyagio. Kaa kama unavyoendesha, mtu akutazame kwa ubavu: goti likikunjika zaidi ya pembe mraba, kiti ni kifupi kwako. Kwa mfano, pikipiki ya BMW R 1250 GS ina kiti cha kawaida chenye ngazi mbili, milimita 850 na 870. Anza kwa kukipandisha ngazi ya juu, ni bure. Kisipotosha, tafuta kinachoongeza milimita 20 hadi 40.

Sponji ndiyo roho ya kiti. Ile laini hupendeza dukani, lakini baada ya saa moja hubonyea na mifupa ya makalio hugusa plastiki ya chini. Chagua ngumu kiasi, pana sehemu ya nyuma ili mifupa ya makalio ilale juu yake, na nyembamba mbele ili miguu ifike chini. Epuka kiti chenye shimo la kina: hukufunga mahali pamoja, nawe unahitaji nafasi ya kurudi nyuma.

Kiti kikipanda, usukani huwa chini na mgongo huinama; kioo cha upepo nacho huanza kukupigia kelele kofiani. Ukiinua usukani, ugeuze hadi mwisho pande zote, uhakikishe nyaya na mpira wa breki havivutiki. Usinunue kabla ya kukikalia nusu saa mfululizo.