Vinara wa dijitali chuoni: kuwateua, kuwapa muda na kuwatumia vizuri

Kwenye chuo kikuu cha umma Tanzania, karibu kila kazi siku hizi inapita kwenye mfumo. Matokeo yanapandishwa mtandaoni, majalada yanatembea kwa e-Ofisi, manunuzi yapo NeST, na tangu OPRAS, utaratibu wa zamani wa kupima utendaji, iondoke, kila mtumishi anajaza utendaji wake mwenyewe kwenye mfumo wa PEPMIS. Mafunzo yenyewe mara nyingi ni semina ya siku moja: ukumbi umejaa, projekta moja, mkufunzi anakimbia. Wiki mbili baadaye mhadhiri anamwomba katibu muhtasi amjazie. Alichokosa ni mtu wa karibu wa kumwuliza siku kazi ilipomfika mezani, na mtu huyo ndiye kinara.

Weka kinara mmoja kwa watumishi 12 hadi 15, ndani ya idara ileile. Ili kumpata, gawa karatasi zisizo na majina ya waandishi na uulize swali moja: ukikwama kwenye kompyuta, hapa idarani unamwendea nani? Jina linalojirudia ndilo. Usishangae likiwa la mtu wa masjala au fundi sanifu wa maabara. Mjuzi kupindukia mara nyingi hafai: ananyakua mausi, anabofya mara sita, anasema "tayari", na mwenye shida hajaona kitu.

Kisha mpe muda kwa maandishi. Barua ya Mkuu wa Idara itaje saa 3 kwa wiki, na kazi hiyo iingie kwenye malengo yake ya PEPMIS. Mpango mwingi wa namna hii hufa kipindi cha mitihani kwa sababu kinara alikuwa anajitolea tu, na kazi yake ya msingi ikambana. Barua hiyohiyo iseme pia asichofanya: hatengenezi printa, hafungui akaunti, na kamwe hatunzi nenosiri la mwenzake. Hayo ni ya Kituo cha TEHAMA. Mpaka huo usipowekwa mapema, ndani ya mwezi atageuzwa fundi wa bure wa jengo zima.

Kabla ya kufundisha, pima. Dodoso la "unajiamini kiasi gani" linadanganya, maana mnyenyekevu hujishusha na mwenye cheo huona haya kusema hajui. Andika kazi 8 halisi za idara, mfano kutuma dokezo kwa e-Ofisi au kupandisha alama, kila mtu azifanye kwenye kompyuta yake, na kinara aandike moja kati ya matatu: peke yake, kwa msaada, bado. Rudia kipimo kilekile mwisho wa muhula.

Kipindi kiwe cha dakika 30, kazi moja, kwa akaunti ya mhusika. Kinara anakaa pembeni na kuonyesha kwa kidole. Mausi haiondoki mkononi mwa mwenyewe. Dakika 10 za mwisho mhusika anarudia toka mwanzo huku kinara amenyamaza. Ukimya huo ni mgumu kuliko kufundisha, lakini hapo ndipo kujiamini kunakopatikana. Profesa umfuate ofisini kwake, kwa miadi na heshima zake. Ukimweka darasani mbele ya wahadhiri wasaidizi hatauliza chochote, na hatarudi.

Anzeni na alama kwenye Moodle, mfumo wa kozi za mtandaoni, kwa sababu hapo ndipo hofu ilipo kubwa. Kiombeni Kituo kiwafungulie kozi ya mazoezi yenye wanafunzi wa kubuni, ili mtu akosee bila kumuumiza yeyote. Mitego miwili ifundishwe mapema. Wa kwanza: anayejaza alama moja kwa moja kwenye jedwali la haraka ("quick grading") akiondoka ukurasani bila kuhifadhi, zote zinapotea. Jedwali alipange lionyeshe wanafunzi 20 kwa ukurasa, ahifadhi, ndipo aende ukurasa unaofuata. Umeme ukikatika, hasara inaishia kwa watu 20.

Wa pili ni faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu linalobeba alama kwenda Moodle. Ukilibofya mara mbili, Excel hufuta sifuri za mwanzo wa namba ya usajili, na namba fupi kama 04-05 huigeuza tarehe. Moodle ikilinganisha, mwanafunzi "hayupo", na mhadhiri anaamini mfumo umemkataa. Dawa yake: fungua Excel tupu, ingia sehemu ya Data, liite faili kutoka humo, na safu ya namba za usajili uipe aina ya Text kabla ya kulipakia.

Kundi la WhatsApp la idara linasaidia kwa maswali mafupi, ila picha ya skrini yenye majina na alama za wanafunzi isitumwe humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu.

Kinara awe na daftari la safu tatu: tarehe, swali, limeishaje. Majina hayahitajiki. Swali likijirudia mara tatu, tatizo limeshavuka mtu mmoja: Kituo kiandike mwongozo wa ukurasa mmoja wenye picha, au kirekebishe mfumo wenyewe. Vinara wakutane na Kituo mara moja kwa mwezi, wakiwa na madaftari.

Badilisha kinara baada ya mwaka. Mpya akae na wa zamani wiki 4 kabla ya kukabidhiwa, na daftari abaki nalo.