SOMO: Kula vizuri na kuchangamsha mwili kazini (soma lote ndipo uulize)

Wadau, swali la jinsi ya kuwafanya watu kazini wale vizuri na kuchangamsha mwili nimelijibu faragha mpaka vidole vimechoka. Naliweka hapa mara moja.

1. Bosi aridhie, tena ashiriki mwenyewe.

2. Maji ya kunywa yawe karibu na watu.

3. Kwenye vikao, ondoa soda, leta matunda yaliyokwisha kumenywa na kukatwa. Yakiwa mazima hayaguswi. Nani atafute kisu katikati ya kikao? Kopo la soda la mililita 330 lina sukari gramu 35 hivi.

4. Tembeeni. WHO (Shirika la Afya Duniani) inashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa kila siku ya kazi, hata kwa mafungu ya dakika 10, inatosha kuanzia.

5. USIPIME WATU UZITO HADHARANI. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilileta mizani, nikabandika majina na kilo ukutani, zawadi kwa atakayepungua zaidi. Wiki ya pili dada mmoja alivua viatu, mkanda, hata saa ya mkononi kabla ya kupanda. Akasoma namba, akacheka kicheko kikavu. Kesho yake jina lake nimelikuta limefutwa kwa kalamu nyeusi, na matembezini hakurudi. Mwingine alishinda na njaa siku mbili ili ashinde. Shindanisheni timu, tena kwa dakika za kutembea zilizojumlishwa. Kilo za mtu ni siri yake.

MASWALI

— Mkuu, mizani nzuri ni ya aina gani?
— Rudi namba 5.

— Hayo matembezi si kupoteza muda wa mwajiri?
— Dakika 10? Foleni ya chai inakula zaidi, na hujawahi kuilalamikia.

— Sisi ni zamu ya usiku, kantini imefungwa. Tufanyeje?
— Swali zuri hili. Kuleni mlo kamili kabla ya zamu, usiku wa manane kitu chepesi kutoka nyumbani. Ombeni friji na mahali pa kupashia chakula. Kahawa ikomee nusu ya kwanza ya zamu, la sivyo asubuhi usingizi utakukimbia.

— Nyongeza: sisi chumvi tumeitoa mezani, iko kaunta. Anayeitaka ainuke. Wengi hawainuki.
— Naichukua hiyo! WHO wanasema chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai.

— Sisi tumehamishia pipa la taka mwisho wa korido ili watu watembee. Wiki ya kwanza taka zimejaa chini ya meza.
— Na ya pili?
— Bado tuko ya kwanza.